Diski Iliyolala na Diski Iliyoruhusiwa: Tahakiki ya Istilahi za Utulivu wa Mashine

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki fungu dogo la istilahi zilizotumika katika kijitabu kimoja cha maelekezo ya kutunza diski za nje za kompyuta. Kijitabu hicho kilitayarishwa kwa ajili ya maduka ya uchapaji na vituo vidogo vya habari vijijini. Hatukitaji jina, kwani shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Na kama aibu ipo, fungu lake moja ni letu, maana tulikuwemo katika jopo lililopitisha istilahi zake. Tulikaa siku mbili, tukanywa chai, tukapiga kura, tukarudi makwetu tukidhani kazi imekwisha.

Huenda msomaji akauliza: Je, ni jambo la kujadiliwa katika kurasa hizi, kwamba diski isiyotumika hupunguza mzunguko wake yenyewe mpaka ikasimama? Tunajibu kuwa ni jambo la kujadiliwa, kwa sababu mbili. Kwanza, hali hiyo ina hatua kadhaa zinazotofautiana, na lugha isiyozitenga hatua hizo humpoteza mtumiaji. Pili, sisi wenyewe tumeona hasara iliyoletwa na neno moja. Hasara hiyo ilitokea Nyamuswa, katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, nasi tutaieleza hapa chini kama ilivyokuwa.

2. Mashine yenyewe na hali zake

Haiwezekani kuhakiki jina bila kukijua kinachoitwa. Kwa hiyo tuanze na mashine.

Diski ya sumaku ni sahani moja au zaidi zilizopakwa utando wenye kushika sumaku, nazo huzungushwa na mota ndogo. Diski ya kwanza ya aina hii iliyouzwa ilitoka katika kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na uwezo wake ulikuwa kiasi cha herufi milioni 5. Diski za siku hizi hutoshea kiganjani, na zilizo nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani huelea kichwa cha kusomea na kuandikia, kikibebwa na upepo unaotokana na mzunguko huo. Umbali uliopo baina ya kichwa na sahani ni mdogo mno kuliko unene wa unywele.

Mzunguko hula umeme, hutoa joto na huchakaza mota. Kwa sababu hiyo diski ikikaa bila kazi huamriwa ipumzike. Lakini hapa ndipo penye haja ya uangalifu, kwa kuwa kanuni za utengenezaji wa diski hizi zinatambua hali nne, wala si mbili. Katika hali ya kwanza diski inasoma au inaandika. Katika ya pili haina kazi, lakini sahani bado zinazunguka, na ikipewa amri huitika mara moja. Katika hali hii baadhi ya diski huviondoa vichwa juu ya sahani na kuviweka mahali pake pa kupumzikia. Katika ya tatu mota imesimama na sahani hazizunguki, ila diski bado inasikiliza. Amri ikija, huanza upya kuzunguka, na mtumiaji hungoja sekunde kadhaa. Katika ya nne diski imejifungia kabisa, na haiwezi kuitika mpaka ianzishwe upya.

Zaidi ya hizo nne liko jambo la tano, ambalo si hali ya diski bali ni mapatano kati ya diski na kompyuta: kwamba kompyuta imekwisha andika kila ilichokuwa nacho, imefunga mafaili yote, na sasa waya unaweza kuchomolewa. Jambo hili la tano halitegemei lolote kati ya yale manne. Diski inaweza kuwa inazunguka nayo imekwisha pewa ruhusa ya kuondolewa. Vile vile inaweza kuwa imesimama kimya kama jiwe, ilhali kompyuta bado inashikilia faili lake.

3. Yaliyotokea Nyamuswa

Mwaka 2017 tulikwenda Nyamuswa kukusanya maneno ya kilimo, ufugaji na usagaji wa nafaka kutoka kwa wazee wa Kiikizu. Shabaha ilikuwa ile iliyozoeleka katika kazi ya istilahi tangu miaka ya 1970: neno lisipopatikana katika Kiswahili chenyewe, mtafutaji aelekee katika lugha za Kibantu zilizo jirani kabla ya kubisha hodi mbali zaidi. Tulirekodi sauti kwa siku nne. Rekodi zote zilikuwa 11.

Chombo chetu cha kurekodia kilikuwa na nafasi ndogo. Kwa hiyo jioni ya siku ya nne tulikwenda katika duka moja la uchapaji, ambalo watu huliita steshenari, tukaomba kuzihamishia rekodi katika diski yetu ya nje. Mwenye duka alikuwa kijana mwenye adabu na makini. Ukutani alikuwa amebandika ukurasa wa kijitabu kile tunachokihakiki, naye alitwambia kwa fahari kwamba hufanya kila kitu kwa kukifuata. Nasi tulifurahi, kwa kuwa kazi ya mikono yetu tulikuwa tumeikuta ikitumika.

Rekodi 8 zilinakiliwa bila taabu. Tatu zilikuwa na kelele za upepo, na kijana alizifungua katika programu ya sauti ili azisafishe kwanza. Sisi tukafuta zilizokuwa katika chombo chetu, tupate nafasi kwa safari ya kesho yake. Wakati tukizungumza na mteja aliyeingia, diski ilinyamaza. Kijana akaigusa, akaona haitetemi. Akasema, "Shikamooni wazee wangu, diski yenu imelala, naweza kuwapa." Akachomoa waya.

Programu ilikuwa bado haijamaliza kuyaandika yale mafaili matatu. Hayakufunguka tena, jioni ile wala baadaye tulipoyapeleka kwa mafundi wa mjini. Mmoja wa wazee waliomo katika rekodi hizo alifariki kabla hatujarudi. Wawili waliobaki tuliwarekodi upya, nao walitusaidia kwa moyo mweupe. Lakini mtu hasemi jambo mara mbili kwa namna moja, na ya yule wa tatu hayana wa kuyasema.

Turudi sasa katika ukurasa uliobandikwa ukutani. Uliandikwa hivi: "Diski isipotumika hulala yenyewe. Diski ikilala waweza kuichomoa." Kijana yule hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kile tulichomwandikia.

4. Hakiki ya kijitabu

4.1 Neno "kulala"

Kijitabu kinatumia kitenzi "lala" mahali pengi, na tulipokihesabia maana tuliona kinabeba mambo matatu: vichwa kuondolewa juu ya sahani, sahani kusimama, na diski kuwa tayari kuondolewa. Maana mbili za kwanza ni za diski. Ya tatu, kama tulivyoeleza, si ya diski hata kidogo.

Mtetezi wa neno hili atasema kuwa ni jepesi, linaeleweka na kila mtu, na limezoeleka kwa kompyuta nzima. Yote hayo ni kweli. Lakini wepesi wa neno hauwi sifa pale ambapo wepesi huo unatokana na kubeba kila kitu. Katika Kiswahili cha kila siku biashara hulala, fedha hulala benki, mahindi hulala kwa upepo. Neno lenye upana wa namna hii ni hazina kwa mshairi. Kwa mwandishi wa maelekezo ni mtego. Istilahi njema ni ile inayomzuia msomaji asielewe jambo jingine.

4.2 "Kuzunguka chini"

Katika ukurasa wa maelezo ya kiufundi kijitabu kinaacha kulala na kusema kuwa diski "huzunguka chini baada ya muda". Msemo huu haukuzaliwa katika Kiswahili. Umechukuliwa kiungo kwa kiungo kutoka katika Kiingereza, ambacho huweka neno la kuonyesha upande wa chini kila kasi au nguvu inapopungua. Kiswahili hakina desturi hiyo. Kwetu sisi kitu kinachozunguka chini ni kitu kinachozunguka sakafuni. Tulimwuliza mwalimu mmoja aueleze msemo huo, naye akajibu kuwa bila shaka diski yatakiwa iwekwe chini ya meza. Jibu lake lilikuwa la haki kabisa. Tafsiri iliyomfikisha hapo ndiyo iliyopotoka.

4.3 Namba na muda

Kosa la tatu ni dogo kwa macho, ila lina gharama. Kompyuta zilizokusudiwa zilitumia programu huria, na humo mtumiaji huandika namba inayoiambia diski ingoje kiasi gani kabla ya kusimama. Namba hiyo si dakika. Sufuri huzuia diski isisimame kabisa. Kuanzia 1 hadi 240 kila moja huhesabiwa kuwa sekunde 5. Na kuanzia 241 hesabu hubadilika ikawa ya nusu saa nusu saa. Hivyo anayetaka dakika 10 huandika 120, na anayetaka nusu saa huandika 241.

Kijitabu kinatumia neno moja, "muda", kwa namba inayoandikwa na kwa wakati unaopita. Kwa sababu hiyo kinamwagiza msomaji aandike "muda wa 10" ili apate dakika 10. Kwa kweli atapata sekunde 50. Ndiyo sababu diski yetu ilinyamaza upesi vile katikati ya mazungumzo. Tena, diski inayosimama kila baada ya sekunde 50 huanza upya mara nyingi kwa siku. Baadhi ya diski za mezani zimekadiriwa kustahimili kuanza na kusimama kiasi cha mara 50,000. Ikiwa duka hufanya hivyo mara 20 kwa saa, kwa saa 10 kila siku, ni mara 200 kwa siku, na makadirio hayo humalizika kwa siku 250. Maelekezo yaliyoandikwa ili kurefusha maisha ya diski yanaifupisha.

5. Lugha ya mashineni

Jopo letu lilitafuta maneno katika kamusi na katika vichwa vyetu. Hatukutafuta mahali ambapo vitu huzunguka na kusimama kila siku. Huo ndio upungufu wetu mkubwa kuliko yote.

Hatua chache kutoka katika duka lile iko mashine ya kusaga. Asubuhi ya kuondoka kwetu tulikaa hapo tukingoja gari. Msagaji alipomaliza debe la mama mmoja, aliacha mashine ikizunguka bila nafaka, akisema kuwa "inazunguka tupu", maana mteja mwingine alikuwa anakuja. Alipokosa mteja aliizima. Mkanda uliendelea kuzunguka kwa nguvu uliyobaki nayo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuokota unga ulioanguka, na msagaji akamkemea: "Wewe! Ngoja itulie!"

Katika maneno hayo machache mlikuwamo mambo tuliyoshindwa kuyatenga kwa siku mbili. Mashine izungukayo tupu si mashine iliyotulia. Na kuzima si sawa na kutulia, kwa kuwa baina yake pana muda, na katika muda huo mkono unaweza kukatika. Vivyo hivyo mafundi wa magari husema gari liko "sailensa" injini inapounguruma bila kulisukuma gari, nao hawachanganyi hali hiyo na ya gari lililozimwa. Hatupendekezi neno "sailensa" lisanifishwe kwa diski. Tunalitaja kama ushahidi kwamba dhana tuliyodhani ni ngeni imekwisha tengwa na kupewa jina na watu wanaoishi nayo.

6. Mapendekezo

Baada ya hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo, tukizieleza moja moja.

(a) Hali ya kazi: diski inasoma au inaandika.

(b) Hali ya kungoja: diski haina kazi, sahani zinazunguka. Kungoja ni kuwa macho.

(c) Kuegesha vichwa: kuviondoa vichwa juu ya sahani na kuviweka mahali pa kupumzikia. Kitenzi hiki ni cha chombo kiletwacho kando bila kuvunjwa wala kufungiwa, nacho chafaa kwa kuwa vichwa vinaweza kuegeshwa sahani zikiwa zingali zikizunguka.

(d) Kutulia: sahani kusimama, diski ikiwa bado inasikiliza. Hapa vinyambuo vya Kiswahili vinatufanyia kazi ambayo lugha nyingine hufanya kwa maneno mawili au matatu. Diski iliyoamriwa na mtu "imetulizwa". Diski iliyosimama yenyewe baada ya kukosa kazi "imejituliza", na kiambishi -ji- kinatosha kueleza kuwa jambo limetendeka bila mkono wa mtu. Kitendo kizima kitaitwa "kujituliza kwa diski".

(e) Kushika kasi: sahani kuanza upya kuzunguka mpaka zifikie mwendo wake. Katika kipindi hiki diski hula umeme mwingi kuliko wakati wowote, jambo ambalo mwenye kutegemea umeme wa jua hana budi kulijua.

(f) Kulala: neno hili libaki kwa hali ya nne peke yake, ambayo diski haitoki mpaka ianzishwe upya.

(g) Kuruhusu: kompyuta kuiachilia diski iondolewe. Tumelichukua neno hili katika matumizi ya hospitali, ambako mgonjwa "huruhusiwa". Kila mtu anajua kuwa mgonjwa aliyelala si mgonjwa aliyeruhusiwa. Diski nayo isichomolewe mpaka iruhusiwe, iwe inazunguka au imetulia.

(h) Namba ya kipima muda: ile inayoandikwa katika programu, itengwe na "muda wa kungoja", yaani wakati unaopita kwa sekunde au dakika.

7. Pingamizi

Tulipoyasoma mapendekezo haya mbele ya wenzetu kazini tulikutana na pingamizi tatu.

La kwanza lilisema kuwa "kusimama" kungetosha badala ya "kutulia". Tunakubali kuwa ni neno wazi. Lakini watumiaji husema kompyuta "imesimama" pale inapogoma katikati ya kazi, na tungekuwa tumeondoa utata mmoja na kuleta mwingine. Kutulia hakuna sifa ya ugonjwa. Maji yakitulia hayajaharibika.

La pili lilisema kuwa diski zinazozunguka zinapungua, na mahali pake panashikwa na hifadhi zisizo na sahani wala mota, hivyo tunachonga jembe wakati mvua imekwisha pita. Ni kweli kuwa hifadhi hizo zimeenea, na hazina cha kutulia. Lakini bado diski zinazozunguka ndizo zibebazo mengi kwa bei nafuu, na katika maduka ya vijijini ndizo zilizojaa harusi, mihtasari ya mikutano na picha za marehemu. Tena istilahi ya "kuruhusu" inazihusu hifadhi zote, zizungukazo na zisizozunguka.

La tatu ndilo zito. Lilisema kuwa mapendekezo hayana maana kama hayafiki mahali yanapotumika, na likatukumbusha yaliyowapata wengine. "Tarakilishi" liliundwa kwa ustadi, na lingali likitumika Kenya, lakini Tanzania watu wameendelea na "kompyuta". Hatuna jibu kamili kwa pingamizi hili. Tunasema tu kwamba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, maneno ya Kiswahili yaliwekwa mahali ambapo mtu huyabonyeza, wala hayakuachwa katika orodha. Istilahi hukubalika inapomfanyia mtu kazi. Ndiyo sababu tumelianzia lile la msagaji, ambalo tayari linafanya kazi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kijitabu tulichokihakiki kilikosea kwa kutumia neno moja mahali pa mambo matatu, kwa kuazima muundo usio wetu, na kwa kutotenga namba na muda. Tumeonyesha pia kuwa makosa hayo hayakubaki katika karatasi.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, maelekezo yoyote ya kiufundi yasipigwe chapa kabla hayajasomwa na kutendwa, mbele ya jopo, na mtu atakayeyatumia. Jopo likae kimya, liangalie mkono wake unakwenda wapi. Pili, ukurasa ule uondolewe katika kuta zote ulikobandikwa. Kwa upande wetu tulirudi Nyamuswa na ukurasa mpya, tukamweleza kijana kuwa kosa lilikuwa letu. Aliusoma mara mbili, akabandua ule wa zamani, akauliza: "Kwa hiyo ikijituliza, bado haijaruhusiwa?"

Tukamjibu kuwa ndivyo hasa. Alikuwa amekwisha kuyatumia maneno yote mawili, na mahali pake.